Springfield: Usiishie Kwenye Picha ya Obama

Wenzangu wengi wa Afrika Mashariki tunaoishi huku Marekani wakifika Springfield, mji mkuu wa jimbo la Illinois, huwa na haja moja tu: kusimama nje ya Jengo la Zamani la Bunge, pale Barack Obama alipotangaza kugombea urais tarehe 10 Februari 2007 kwenye baridi kali. Wanapiga picha, wanairusha kwenye kundi la familia, wanageuza gari kurudi Chicago. Siwalaumu. Mtoto wa mzee aliyetoka Kogelo kutangaza nia mahali pale si jambo dogo. Lakini mlango uko wazi nyuma yao, na ninaamini kwa dhati kwamba yaliyopita humo ndani yanatuhusu sisi kuliko picha yoyote.

Abraham Lincoln, rais wa Marekani aliyeuawa 1865, utamkuta, hakwepeki. Akiwa mbunge kijana alikuwa mmoja wa waliopigania mji mkuu uhamishwe kutoka Vandalia, na jiwe la msingi likawekwa Julai 1837. Baadaye alisimamia kesi chungu nzima za Mahakama ya Juu ya jimbo humo humo. Panda ghorofani uingie ukumbi wa Wawakilishi: madawati ya mbao yamepangwa nusu duara yakimkabili spika, na vidau vya wino juu yake kana kwamba wabunge wametoka kidogo tu. Hapo ndipo aliposema, Juni 1858, kwamba nyumba iliyogawanyika haiwezi kusimama, akimaanisha nchi iliyo nusu ya utumwa, nusu huru. Na hapo ndipo mwili wake ulipolazwa Mei 1865, watu wakapanga foleni kumuaga.

Sasa kaa kidogo ufikirie lililofanywa na Bunge hilo kati ya hayo yote. Mwaka 1853 lilipitisha sheria ya kuwazuia watu weusi kuhamia Illinois. Mtu mweusi huru akiingia jimboni na kukaa zaidi ya siku 10, alitozwa faini ya dola 50. Akishindwa kulipa, kazi yake ilinadiwa: anayekubali kumlipia faini kwa kumtumikisha muda mfupi kuliko wengine ndiye anayemchukua. Mnada wa binadamu, katika jimbo lililojiita huru! Haikupitishwa na wahuni wa mitaani; ni waheshimiwa waliochaguliwa, kwa kura, kwa utaratibu wote wa Bunge.

Kilichoiondoa ni watu kuisumbua serikali bila kuchoka. John Jones, mtu mweusi aliyekuwa fundi cherehani Chicago, aliandika kijitabu cha kuzipinga sheria hizo na kufika Springfield kuwashawishi wabunge. Februari 1865 zikafutwa. Siku chache kabla yake, tarehe 1, Bunge hilo hilo lilikuwa la kwanza kati ya majimbo yote kuridhia marekebisho ya Katiba yaliyokomesha utumwa. Miaka 12 tu! Ndiyo maana nasema mgeni asitoke humo bila kuuliza habari za 1853. Anayekutembeza akimtaja Lincoln peke yake, muulize na Jones.

Wapo wanaolibeza jengo lenyewe kwamba si la kweli. Ni kweli kwamba miaka ya 1960 lilibomolewa jiwe kwa jiwe, kila jiwe likapewa namba, likahifadhiwa, kisha kuta zikajengwa upya kwa mawe yale yale ya manjano iliyopauka. Chini yake wakachimba maegesho ya magari. Ndani karibu kila kitu ni kipya. Kwangu hilo linaliongezea heshima: jengo lilikuwa limegeuzwa mahakama ya wilaya tangu 1876, likaongezewa ghorofa hadi likapoteza sura, na watu wakaona inafaa kutumia kodi zao kulirudisha. Kwetu majengo mangapi ya namna hiyo yanaachwa yaoze hadi mwekezaji aje na tingatinga?

Kutoka hapo tembea kwa miguu hadi Bunge la sasa. Kilele cha kuba lake kiko futi 361 kutoka ardhini, juu kuliko kile cha Bunge la Washington, na ujenzi ulichukua miaka 20, kuanzia 1868. Urembo wake ni mwingi mno kwa ladha yangu. Ila kuna jambo moja kubwa: mwananchi anapita ukaguzi mlangoni, anapanda hadi roshani, anakaa kuwatazama wabunge wakibishana. Sisi tuliokulia mahali ambapo geti la serikali unalipita kwa mbali, tunahitaji kuwakalisha watoto wetu pale waone. Vikao vingi huwa kati ya Januari na mwisho wa Mei, kwa hiyo panga safari ya Machi au Aprili, katikati ya wiki. Jumamosi utakuta viti vitupu.