Jua halimaliziki, lakini betri yangu ilikufa

Jirani yangu hapa Kayole, Nairobi, akiniona napandisha paneli ya sola kwa paa alisema hiyo si nishati jadidifu, ile isiyoisha, hayo ni makaa ya mawe yamevaa kioo. Nilicheka lakini manze, ana pointi. Silikoni, ile kitu kwa paneli inageuza jua kuwa stima, inatoka kwa mawe ya kwatzi, inayeyushwa kwa tanuru la karibu nyuzi 2000 na mle ndani lazima watie makaa ndio oksijeni itoke, bado hujahesabu fremu ya aluminiamu, shaba, kioo na madini ya fedha kidogo, na paneli nyingi zinaundwa Uchina ambako stima nyingi ni ya makaa hayo hayo. Jua halichimbwi, vyombo vya kulinasa vinachimbwa.

Pale tunapoachana ni kwa hesabu. Nishati iliyotumika kuunda paneli, paneli yenyewe inairudisha kwa mwaka mmoja, sana sana miwili kwa jua kama letu, na kitu inakaa miaka 25 na zaidi. Makaa ukichoma leo, kesho unachimba mengine. Ingawa nikubali, stima yetu tayari nyingi ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana, so mimi wa Kayole siokoi dunia vile, anayeiokoa ni yule wa kijijini anayezima koroboi ama jenereta.

Kinachoninyima usingizi ni betri. Yangu ya kwanza ilikuwa ya madini ya risasi na asidi, kama ya gari, haikumaliza miaka 2 juu kila usiku nilikuwa naikamua mpaka mwisho. Jamaa wa mkokoteni alikuja kuinunua kwa kilo, na kabla aipime akaipindua kwa mtaro asidi yote ikamwagika, simiti ikatoa povu tukiangalia tu. Nikakumbuka Owino Uhuru kule Mombasa, watu waliathiriwa na sumu ya risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu mpaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Hiyo risasi inayeyushwa tena na tena vizuri kabisa, shida ni nani anayeyeyusha, na wapi.

Sasa nimenunua ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti isiyo na kobalti, yale madini yanachimbwa Kongo. Nikamuuliza muuzaji pale barabara ya Luthuli, mjini, hii ikikufa nairudisha wapi? Akaniangalia, akauliza kama nataka risiti.