Sikunywa sumu, nililamba tu

Naomba tuelewane mapema, maana jana soko la Tengeru limenishinda kupita: sikunywa sumu. Nililamba. Kidole kimoja. Wala haihusiani na kodi ya shamba kama anavyotangaza yule rafiki yangu wa bodaboda, ambaye Ijumaa alimleta shambani mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima, akashuhudia mwanzo hadi mwisho, halafu badala ya kunishika mkono akawahi kijiweni. Habari imeshavuka Namanga. Leo alfajiri mama kanipigia kutoka Naivasha: "Wewe, umekunywa nini huko kwa watu?"

Mlionijua tangu enzi za maua mnakumbuka. Miaka sita nimekuwa mpiga dawa kwenye mashamba ya waridi, Naivasha kwanza, kisha huku Usa River. Ovaroli, gambuti, glavu, miwani, barakoa ya chujio. Ukiniona unadhani nasubiri roketi. Nimepiga dawa zenye picha ya fuvu, zile ambazo mkimaliza grinihausi inafungwa na mtu haingii mpaka saa zake ziishe. Sikuwahi hata kupiga chafya. Nikaacha yote hayo, nikakodi robo heka, nikaanza mnafu, loshuu, chainizi na sukuma bila kemikali. Na huku kwenye usalama ndiko nilikolala chali.

Ijumaa kikundi kilikuja kunikagua. Sisi wadogo hatuna ubavu wa kulipa mkaguzi wa kutoka nje, kwa hiyo tunakaguana wenyewe kwa wenyewe, ukipita unaruhusiwa kutumia alama ya Kilimohai, ile ya mazao ya kilimo hai. Walikuja sita, na fomu. Shikamoo zangu bado zina lafudhi ya ng'ambo ya mpaka, lakini siku hiyo nilizigawa kama pipi. Wakafukua biwi la mboji kwa kijiti, wakasifu. Wakageuza majani ya chainizi, wakakuta wadudu mafuta wamejipanga, hawakusifu. Hapo ndipo mama mweka hazina akauliza, kalamu mkononi: "Na hii dawa yako, mwanangu, haina madhara kwa mlaji?"

Jibu lilikuwa "haina, mama". Basi. Tungeenda kunywa chai.

Nikasema, "Mama, hii hata ukiilamba!"

Dawa yenyewe mnaijua: mwarobaini wa kutwanga, vitunguu saumu, pilipili kichaa viganja viwili vya haja, na kipande cha sabuni ya mche ili ishike kwenye majani. Imelala kwenye ndoo usiku kucha. Kabla ya kupiga unaizimua kwa maji mengi. Hii ilikuwa bado haijazimuliwa. Ndiyo niliyochovya.

Nikainua kidole wote wakione. Nikalamba. Nikatabasamu. Kwanza ikaja sabuni. Ikafuata mwarobaini, ule uchungu wa kukamatwa puani na bibi ukiwa na homa. Bado natabasamu, mama anaandika. Nikajaribu hata kuendelea na maelezo, nikasema "kwa hiyo wadudu wakisha...", na ulimi ukashika moto kuanzia ncha, ukarudi nyuma polepole, bila haraka, kama moto wa nyika unaojua hakuna wa kuuzima. Hata hapo, ndugu zangu, nilikuwa bado naweza kuokoka. Machozi yakanidondoka mawili. Na mimi, mpiga dawa wa miaka sita mwenye mafunzo, nikayafuta. Kwa mkono gani?

Ule ule.

Jamani. Mlima Meru ulikuwa mbele yangu, ukaondoka. Nikapiga magoti. Nikamsikia bodaboda akiuliza kwa sauti ya chini, "Anasali?"

Sasa, shamba langu nalijua hata gizani. Karibu na uzio kuna mapipa mawili ya bluu, mapacha. Moja lina maji ya mvua. Jingine nimening'iniza humo gunia la samadi, wiki mbili, mbolea ya maji ya kukuzia mboga. Nikaenda kwa kupapasa, nikijiamini kabisa, nikashika ukingo, nikazamisha kichwa mpaka mabegani. Na, naomba mnisitiri hapa, nikafungua mdomo nisukutue.

Kilichonishtua si harufu. Pua ilishakufa zamani. Ni kwamba yale maji yalikuwa na povu, na lile povu lilikuwa la uvuguvugu. Nikawaza, maji ya mvua tangu lini? Gunia likanigusa shavu taratibu, kama linanipa pole.

Yaliyobaki si marefu. Mama mweka hazina akanimiminia usoni maziwa ya mwenye shamba, lita nzima, nikalazwa chini ya mparachichi, jioni nikaanza kuona. Maziwa nimelipa. Aliyepiga picha ajitokeze tuyamalize kiungwana.

Na nimepita, msije mkasema sijawaambia. Kwenye fomu, mahali pa viuatilifu, wameandika: "Vya asili. Mkulima amethibitisha mwenyewe." Sharti wamenipa moja tu, mapipa yaandikwe yana nini. Nimeshaandika, rangi nyekundu, herufi za kusomeka hata na mwenye pilipili machoni. La kwanza: MAJI. La pili: SI MAJI.