Mama akiugua, nani anambeba mtoto?

Ndugu zangu wa Moshi huniambia kwamba mimi niliye Ujerumani nimepata nafuu, maana huko serikali inanisaidia kulea. Ni kweli, wala sitaki kuubeza msaada huo. Tangu 2024, mzazi mwenye bima ya umma anapata siku 15 kwa mwaka za kukaa nyumbani na kila mtoto wa chini ya miaka 12 akiumwa, na anayelea peke yake anapata 30. Bima inamlipa karibu asilimia 90 ya mshahara wa mkononi.

Lakini hizo ni siku za mtoto kuumwa. Mama akiumwa je? Homa imepanda, mifupa yote inauma, mdogo analilia kunyonya, mkubwa anataka uji, na baba yao yuko zamu ya usiku. Daktari ananiandikia mapumziko, na kazini napumzika kweli. Jikoni nabaki palepale. Bima inaweza kugharimia msaidizi wa nyumbani ikiwa kuna mtoto mdogo na hakuna mwingine wa kushika kazi za nyumba, ila inataka cheti cha daktari na maombi, na mara nyingi huyo msaidizi umtafute mwenyewe. Homa ya siku tatu itakuwa imeshaisha. Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mama mwema sana, lakini hawezi kubisha hodi mpaka nimwite, maana anaona atakuwa ameniingilia.

Nimelelewa Kibosho, Moshi vijijini. Mama akishindwa kuamka, jua halijachomoza vizuri shangazi ameshafika, mtori uko jikoni, sisi tumepelekwa kwa bibi na ng'ombe wamekatiwa majani. Hakuna aliyeombwa. Aliyejifungua ndiyo kabisa: analishwa, anaogeshewa mtoto, hagusi jembe wala kuni kwa miezi. Nikiwa nimelala na homa huku, siwazi fedha. Nawaza mtu wa kumchukua mtoto mgongoni kwa saa mbili nilale.

Hata hivyo marafiki zangu wa Moshi mjini hawana tena shangazi mlango wa pili. Wana dada wa kazi, na hapa ndipo ninapoumia. Mama mwenye nyumba akiugua, dada ndiye anayepika, anayefua, anayebeba watoto na kuamka nao usiku. Dada mwenyewe akiugua, anapewa vidonge viwili na ndoo ya nguo, au nauli ya kurudi kwao. Binti wa watu! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi aliyepita miezi sita kazini, akiwa na cheti cha daktari, siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Dada wa kazi ni mfanyakazi.

Kwa hiyo wanaonisifia Ujerumani nawaomba waanzie nyumbani kwao. Dada akiamka na homa, alale, apelekwe zahanati, na mshahara wake usiguswe. Halafu mpigie wifi yako, au mama mmoja wa jumuiya, umwambie wazi kwamba umezidiwa na watoto hawajala. Huko Moshi bado atakuja.