Mbegu Zimeenda Jalalani, Babu Ale Nini?

Hapa Minneapolis, Marekani, mwanangu ni nesi. Sukari yangu anaipima kila asubuhi, kijiko cha sukari kwenye chai ni kesi. Sawa, nimekubali. Lakini ngojeni Oktoba iingie muone vituko vya nesi huyu huyu.

Juzi kaleta boga, kubwa, limeiva. Nikasema leo tunakula kwa tui jepesi na iliki kidogo. Wapi! Kumbe la Halloween, sikukuu yao ya kutishana kwa mizimu, tarehe 31. Wakalichonga macho na meno, wakalitia mshumaa tumboni, wakaliweka nje barazani kwenye baridi. Watu wazima hao, wana digrii! Mbegu wakazikunja kwenye gazeti, zikaenda jalalani. Mbegu za boga, zenye protini na magnesi, na dukani kimfuko chake wanakununulisha kwa dola! Nikazifuata huko huko. Nikaziosha, nikazikausha, chumvi ya kunusia tu, oveni dakika 20. Mjukuu kazimaliza. Mimi nimeachiwa maganda yaliyonasa kwenye meno ya bandia.

Halafu usiku watoto wa mtaa wanakuja kugonga mlango kudai peremende, na bakuli la peremende nani kakabidhiwa? Mimi, mgonjwa wa sukari. Ndiyo kumpa fisi alinde bucha.

Nikajipoza na matufaha. Msimu huu yamejaa, bei yake hata mstaafu anaimudu. Nayakata, nayachemsha na mdalasini mpaka yalainike, sukari siweki. Fizi zinashukuru.

Sasa inakuja Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Bata mzinga wanayemla siku hiyo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni viazi vitamu. Kiazi kimetoka shambani na utamu wake, kichemshe na ganda unipe na karanga, nani atalalamika? Wao wanakiponda, wanatia siagi, wanatia sukari ya kahawia, juu wanatandaza vidonge vyeupe vya sukari laini, wanachoma. Eti, "Baba kula, hiyo ni mboga." Mboga!

Na kuna kranberi, vitunda vyekundu vikali kweli. Vibichi vipo sokoni, lakini nesi kanunua vya kopo, vimegandishwa na sukari. Kaligonga kopo kitako, likatoka dubwana zima limesimama kwenye sahani, na mistari ya kopo ubavuni. Kanikatia slesi: "Baba, hili ni tunda."

Tunda gani hilo linazaliwa na mistari ya kopo?