Nyanya, usimbadilishie lugha

Nafanya kazi ya kutunza wazee huku Bautzen, mashariki mwa Ujerumani. Ukiingia mjini, kibao cha barabarani kina majina mawili: Bautzen kwa Kijerumani, Budyšin kwa Kisorbi. Wasorbi ni Waslavi, kama 60,000 hivi, wamezungukwa na Wajerumani pande zote. Nilipiga picha kibao kile nikamtumia mama kule Mfangano, kisiwa chetu Abasuba katika Ziwa Victoria, Kenya. Akaniuliza, "Kumbe hata huko kuna wanaomezwa?"

Wapo. Ujerumani yenyewe haizai vya kutosha: tangu 1972, kila mwaka wanaokufa wamezidi wanaozaliwa. Serikali hulipa posho ya kila mtoto kila mwezi, lakini pengo huzibwa na sisi wageni, na Septemba 2024 Kenya ilitia saini nao mkataba wa wafanyakazi. Wasorbi je, wataagiza Wasorbi kutoka wapi? Mwaka 1998 walianzisha chekechea za Witaj, yaani "karibu", ambako mlezi huzungumza Kisorbi na watoto kutwa nzima, hata na wale ambao kwao ni Kijerumani tupu.

Kuna bibi mmoja ninayemwogesha. Kumbukumbu zimemponyoka na Kijerumani chake kinakatikakatika, lakini sala ya jioni huitoa kwa Kisorbi mwanzo hadi mwisho, vidole vikinikamata mkono. Siku ya kwanza kuisikia nililia chooni. Nilimkumbuka nyanya. Alikuwa akinituma maji ziwani kwa Kisuba, namjibu kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo waliotuzunguka, naye anarudia kwa Dholuo ili nisihangaike. Huruma ile ndiyo iliyotupokonya lugha.

Kwetu visiwani watoto ni tele, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Shuleni Dholuo, kanisani Dholuo, na Abasuba tukaendelea kuongezeka huku Kisuba kikibaki vinywani mwa wazee. Walioanzisha redio ya Ekialo Kiona pale Mfangano, itangaze kwa Kisuba, nawavulia kofia. Lakini mtoto haongei na redio. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji, na chekechea tayari ziko mikononi mwa kaunti. Kaunti yetu ya Homa Bay ianzie hapo, na iwaajiri akina mama wanaokijua Kisuba wangali hai.

Desemba nakuja na mwanangu wa miaka minne. Nimeshampigia nyanya simu, nikamsihi: akikuangalia tu bila kuelewa, rudia kwa Kisuba.