Prosesa Tu, Baba

Mimi ni mtu wa kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tairi la nyuma la baiskeli yangu likichakaa nanunua la nyuma, na la mbele halipati hata habari. Ndiyo maana Kulwa aliponiambia kwamba kompyuta yetu ya nyumbani ilihitaji "prosesa tu, baba," yaani ule ubongo wa kompyuta, nilikubali bila maswali, kwa kuwa neno "tu" lina namna yake ya kumlainisha mtu aliyetoka kupokea mshahara.

Kompyuta yenyewe ni mzee wa heshima. Ndani yake mlikuwa na Core 2 Duo E8400, prosesa ya mwaka 2008, na juu yake mna kitambaa alichokifuma Mama Kulwa kwa mkono. Niliinunua ikiwa tayari mtumba, ikapanda mlima wa Mabatini, hapa Mwanza, kichwani mwa mbebaji, maana nyumba yetu imekaa katikati ya mawe, mahali ambapo dereva wa bodaboda hufika nusu ya njia, akazima pikipiki na kukuaga. Imetunza hesabu za kikoba cha Mama Kulwa kwa uaminifu kuliko baadhi ya wanachama wake. Kasoro yake ni kwamba ukiiwasha asubuhi unaweza kuteremka hadi Mlango Mmoja, ukanunua maandazi, ukarudi, ukakuta bado inazungusha kiduara. Hilo ndilo lililonikera mimi. Kulwa na Doto walichotaka ni mpira wa kwenye kompyuta.

Kijana wa duka la mjini aliniamkia vizuri, nami nikaitikia marahaba nikidhani nimekwishapata punguzo. Akaniletea Core i3-12100F, ya mwaka 2022, akisema ndiyo prosesa ya wachezaji wenye mfuko mwembamba. Nikauliza mwendo wake, akasema gigahezi 3.3, yaani mapigo bilioni 3.3 kwa sekunde. Nikamkumbusha kwamba ya kwangu ni 3.0, na kwamba sioni sababu ya mtu mwenye akili timamu kulipa laki tatu kwa ajili ya nukta tatu. Alinieleza kwa subira kwamba hezi za zamani na za sasa hazilingani, kwa sababu prosesa mpya humaliza kazi nyingi zaidi katika kila pigo. Kwamba ya kwangu ina viini viwili na hii ina vinne, kila kiini kikishika kazi mbili kwa pamoja. Na kwamba ikibanwa inapanda hadi 4.3. Nilielewa nilipokumbuka mitumbwi ya Mwaloni: wapiga makasia wawili na wapiga makasia wanane wanaweza kuimba wimbo mmoja kwa mapigo yale yale, lakini hawafiki ufukweni pamoja.

Nyumbani tulifungua kasha, na humo tukawakuta wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka majini kama moshi na kufuata taa, wamelala kwenye feni tabaka juu ya tabaka kama dagaa walioanikwa. Tulipomaliza kuwafagia ndipo tulipogundua kwamba prosesa mpya haiingii. Kiti cha zamani kina vigusio 775, na mgeni wetu anahitaji 1700. Nikarudi mjini kufuata mazabodi tu, ule ubao mkuu wenye kiti cha prosesa. Mazabodi ikakataa RAM zetu, vile vipande vya kumbukumbu ya muda, kwa kuwa zetu ni za kizazi cha DDR2 na yenyewe inataka DDR4, na kile kijipengo cha katikati hakikai mahali pamoja hata ukisukuma kwa imani. Nikarudi kufuata RAM tu. Kondakta wa daladala alianza kuniuliza kama nimehamishiwa kazi mjini.

Siku ya kuwasha, feni zilizunguka, taa zikawaka, na skrini ikabaki nyeusi tii. Doto alipendekeza tuombe. Mimi nilipiga simu dukani, na kijana akaniambia kwa upole, "Mzee, ni ile herufi F." Kumbe F mwishoni mwa jina maana yake ni kwamba prosesa haina sehemu ya kutoa picha ndani yake. Nimewahi kusoma mkataba wa kupanga nyumba hadi ukurasa wa mwisho, lakini hakuna aliyenionya kuogopa herufi moja. Nikanunua kadi ya picha ya mtumba, GTX 1050 Ti, ambayo haina tundu la VGA, lile la waya wa skrini za zamani, ilhali skrini yangu haijui lugha nyingine isipokuwa VGA. Nikanunua na kigeuzi. Jirani yangu anayefundisha kompyuta alikuja kunieleza kwamba kwa matumizi yetu ningechukua prosesa ya Ryzen 5 5600G, ambayo picha imo ndani. Nilimshukuru huku risiti tano zikinichoma mfukoni.

Hesabu za kikoba tulikuwa tumezihifadhi kwenye flashi, kwa amri ya Mama Kulwa aliyesimama mlangoni mpaka tulipomaliza. Tukapakia Windows upya kwenye diski ile ile ya zamani, kitu pekee kilichosalia pamoja na kasha na kitambaa. Mpira ukachezwa vizuri, siwezi kusema uongo. Hata jasho la wachezaji linaonekana.

Asubuhi iliyofuata niliwasha kompyuta yangu mpya, nikaketi, nikaangalia kiduara kikizunguka, kikazunguka, kikazunguka. Nikapiga simu dukani.

"Shikamoo mzee. Hapo prosesa haina kosa, diski ndiyo inayokuchelewesha. Tangu mwanzo ungeweka diski ya kisasa yenye kasi, SSD tu."

Niliposikia hilo "tu" nilikata simu, nikavaa viatu, nikateremka Mlango Mmoja kununua maandazi. Niliporudi ilikuwa imewaka.