Kukaa Nako ni Kazi

Huku kwetu Tanga mtu akikukuta umekaa, ukitaka kuinuka ili umpishe au umpe mkono, atakwambia, "Starehe, starehe." Yaani tulia hapo hapo, usijisumbue. Ni neno la heshima na nimelelewa nalo. Lakini tangu mume wangu aanze kutembelea kiti mwendo, huu mwaka wa tisa, nikisikia anaambiwa "starehe, mzee" moyo unaniuma. Anayesema hivyo hajui kwamba dakika hiyo hiyo mwenzake yumo kwenye kazi ngumu kuliko zote anazofanya kwa siku. Kazi yenyewe ni kukaa.

Alikuwa fundi wa kuezeka. Mirunda iliteleza asubuhi moja ya mvua za vuli, akaanguka na kufikia mgongo. Uti wake haukukatika wote, uliumia sehemu ya chini, kwa hiyo miguu haimbebi lakini hisia zimebaki nusunusu, na ndizo zinazomtesa. Watu wengi wanadhani aliyepooza hasikii kitu. Wapo wasiosikia kweli, na hiyo ina hatari zake. Wangu anasikia. Nusu saa ya kwanza kwenye kiti yuko sawa, anatania, anawauliza watoto habari za shule. Ikitimia saa nzima moto unaanza kwenye makalio, unashuka nyuma ya mapaja mpaka kwenye nyayo, na nyayo zenyewe ukizigusa ni za baridi. Anasema ni kama kukalia jiko la mkaa huku mtu analipepea. Ikifika saa ya pili haongei tena, anajibu kwa kichwa. Daktari amempa vidonge vya amitriptilini anywe usiku ili kutuliza mishipa ya fahamu, na vinasaidia kiasi, lakini hakuna kidonge kilichofanya kazi kama kulala chali au ubavu kwa muda.

Sababu yake haihitaji kusomea. Ukilala, uzito wa mwili unagawanyika: mabega, mgongo, nyonga, mapaja, visigino. Ukikaa, karibu kiwiliwili chote kinaegemea ncha mbili za mifupa ya makalio, na ukiteleza mbele kidogo kifandugu, ule mfupa wa mwisho wa mgongo, nacho kinabeba. Sisi wazima hatuoni tabu kwa sababu hatutulii. Jaribu siku moja kwenye kikao cha wazazi shuleni: kaa bila kuhamisha tako, bila kuegemea upande, bila kukunja mguu. Robo saa utaiona ndefu. Aliyeumia uti lazima afanye kwa makusudi kile ambacho wewe unafanya bila kujua. Ajiinue kwa mikono, au ainame mbele mpaka kifua kikaribie magoti, kila baada ya robo saa hadi nusu saa. Asipofanya hivyo damu haipiti vizuri pale, nyama inaanza kufa kwa ndani, na kidonda kinakuwa kimeshaanza kabla ngozi haijaonyesha chochote.

Ninachotaka kusema ni hiki: tuache kuwalazimisha watu hawa kukaa ili tu sisi tujisikie vizuri. Mtu anayeumia akikaa apewe nafasi ya kulala, na alale palepale tulipo sisi, asifungiwe chumbani.

Najua linavyosikika. Kwetu, mtu mzima akilala mbele za watu mchana ina maana amezidiwa, au ni mvivu, au hana adabu. Mara ya kwanza nilipomtandikia mkeka barazani wakati wa wageni, mama mkwe alinivuta jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu asilazwe mbele za watu kama maiti." Hakuwa na ubaya. Aliogopa macho ya watu, na kila aliyepita kweli aliuliza, "Vipi, mgonjwa kazidiwa?" Mume wangu si mgonjwa. Ameumia, akapona kwa kadiri alivyopona, na sasa anaishi. Anapolala saa nane mchana anafanya kile ambacho wewe unakifanya unapoketi baada ya kusimama kwenye foleni.

Nilimjibu mama mkwe kwa jambo analolijua kuliko mimi. Swahaba Imran bin Huswayn alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, aswali vipi. Akaambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza kukaa aswali kwa ubavu. Kama mbele ya Mola wake mtu ameruhusiwa kulala ubavu kwa sababu kukaa kunamuuma, sisi ni nani wa kumkatalia harusini? Mama alinyamaza. Kesho yake alikuja na mto.

Ilinichukua muda kufika huko, na tulilipia gharama. Miaka minne iliyopita tulialikwa harusi ya mpwa wake. Kadi ilisema saa kumi na mbili jioni, nasi tukafika saa kumi na mbili. Maharusi waliingia saa tatu usiku. Ukumbi ulikuwa na njia nzuri ya mteremko mlangoni, niliifurahia sana wakati wa kuingia. Kufika saa nne nikamwona amekamata mikono ya kiti mpaka vidole vimebadilika rangi. Nikamnong'oneza twende zetu. Akasema, "Wataona nimesusa." Nikauliza kama kuna chumba chenye hata benchi refu, nikaambiwa vyumba vya nyuma ni vya maharusi. Tulitoka saa saba usiku.

Nilipomvua nguo nikaona doa chini ya tako la kushoto, upana wa kifuniko cha soda. Wenzangu mnaouguza, naomba mlishike hili: vitabu husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani. Tafuta doa lililokoza kuliko ngozi ya pembeni, kisha lipapase. Lile lilikuwa la moto na gumu kidogo, kama ngozi ya embe bichi. Nililibonyeza kwa kidole, halikubadilika. Wiki iliyofuata likafunguka. Miezi minne mume wangu aliishi kifudifudi na ubavu, hakukanyaga, maana sisi tunasema hivyo, hakukanyaga kiti chake hata kwenda msikitini. Vyote hivyo kwa ajili ya saa saba za heshima.

Kila ninapoona jengo jipya linasifiwa kwa njia ya mteremko, nashukuru, kisha nauliza: akishaingia, atakaa kwa muda wa saa ngapi? Tanzania tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla yake tulikuwa tumeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki zao. Mlango umezungumzwa sana. Foleni ya muda wa saa tano kwenye benchi la zahanati haijazungumzwa.

Sasa kiti chenyewe. Hapa nitasema kama fundi cherehani, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mteja akija na kitambaa cha gauni namzungusha futi kifuani, kiunoni, nyongani, nampima bega na urefu. Siwezi kumkatia kwa kumkadiria, na akirudi likambana nalifumua. Kiti cha kwanza cha mume wangu tulipewa kwenye hafla, pamoja na wenzetu wengi, na vyote vilikuwa vya kipimo kimoja. Mtu mwembamba, mtu mnene, mama, kijana, wote kipimo kimoja, tukapigwa picha. Niliwashukuru waliotoa na bado nawashukuru. Lakini kile kiti kilimzidi upana, akawa anaanguka upande mmoja. Kina chake kilikuwa kirefu, ukingo ukamgusa nyuma ya magoti, ikabidi ateleze mbele na kukalia kifandugu. Pa kuwekea miguu palikuwa juu mno, mapaja yakainuka na uzito wote ukarudi kwenye zile ncha mbili. Halafu kitambaa cha kukalia kikalegea katikati kama machela. Nusu ya maumivu niliyodhani ni ya ajali yalikuwa ya kiti.

Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2008 kuhusu viti mwendo kwa nchi zenye uwezo mdogo, wenye hatua nane kuanzia kumpokea mtu, kumpima, kumchagulia kiti, kumkalisha na kurekebisha, kumfundisha, mpaka kumfuatilia baadaye na kutengeneza kikiharibika. Sisi tulipata hatua moja tu, ya kukabidhiwa. Wala si kwamba utaalamu haupo nchini. Moshi, jirani na hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti mwendo. Kama una fedha za kutoa sadaka ya viti ishirini, nakuomba utoe kumi vilivyopimwa. Hao kumi utakuwa umewasaidia kweli.

Baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitusaidia kupata kiti kingine na kunionyesha mambo mawili. La kwanza, niache ule mpira wa ndani wa tairi nilioshauriwa na jirani nimkalishe juu yake. Duara la namna ile linabana damu pembeni na kuzidisha ubaya. La pili ni kipimo cha mkono, ambacho nakifanya mpaka leo. Akiwa amekaa kwenye mto wake nampenyezea mkono chini ya tako, kiganja juu, mpaka ncha za vidole zifike chini kabisa ya mfupa. Kisha najaribu kuviinua vidole. Vikicheza juu na chini kama nusu sentimita, mto unafaa. Visipocheza lakini vikatoka kwa urahisi, ni onyo. Vikibanwa hata kuvichomoa ni tabu, mto huo umekwisha. Sponji ya mwaka jana ilinibana vidole hivyo. Kwa macho ilikuwa bado nzuri kabisa. Nilinunua sponji ngumu zaidi, fundi wa makochi akaichonga bonde dogo mahali mifupa inapotua, nami nikashona foronya ya kitambaa kinachovutika, isiyo na mshono chini ya makalio. Zipu nimeiweka nyuma.

Usiku nao una zamu zake. Kipindi cha kidonda nilikuwa natega simu saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, namgeuza, naweka mto katikati ya magoti, narudi kulala. Niliwahi kusoma habari za daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, ambaye mwaka 1944 alikabidhiwa wodi ya walioumia uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Zama hizo wengi wa namna ile walikuwa wanakufa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo, na yeye akasimamia wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana. Dunia inamkumbuka kwa michezo aliyoianzisha pale mwaka 1948, iliyozaa Paralimpiki. Mimi namkumbuka saa nane usiku nikiwa nimeshika shuka, na huwa napata nguvu kwamba kuna mtu aliwahi kuona kazi hii ni kubwa.

Kuna jambo moja zaidi, na ninaliandika kwa ajili ya wake wenzangu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nesi. Namwogesha, namvika, namhamisha kwa ubao wa mninga alioupiga randa seremala wa mtaani, namkalisha, naenda kushona. Alikuwa kwenye kiti mchana kutwa kwa sababu mimi niliona akikaa ndiyo ameamka, ndiyo ni baba wa nyumba. Jioni namkuta amekunja uso, nami mgongo unaniuma, tunagombana kwa chumvi ya mchuzi. Tulipoanza utaratibu wa kulala mchana, saa nane hadi saa tisa na nusu, siku moja nami nilichoka nikajilaza pembeni yake. Tuliongea. Alinieleza mambo ya ile siku ya mirunda ambayo hajawahi kumweleza mtu. Kumbe miaka yote nilikuwa naongea na mtu aliyekuwa anahesabu dakika. Sasa cherehani nalifunga saa nane, wateja wameshazoea.

Nje tumeweka kitanda cha kamba chini ya dirisha la barazani, kama vile vya wazee wetu zamani. Amelala ubavu, ameegemea kiwiko, bao liko mbele yake kwenye kigoda, na wanaume wanaocheza naye wamehamishia viti vyao upande huo. Hakuna anayeuliza tena kama kazidiwa. Wageni wakija nawaambia mapema, bila kunong'ona: akichoka kukaa atalala, mazungumzo yaendelee.

Mwezi ujao shemeji yangu anaoa, akdi itasomwa nyumbani kwa mama mkwe. Nilimpigia mama simu juzi kumwambia tutakuja na kitanda. Akasema nisihangaike kubeba, kipo cha kwake, ameshawaambia vijana wakikaze kamba. Alichotaka kujua ni kiwekwe upande gani wa uwanja, maana jua la saa tisa linapiga chini ya muembe.